Siku Nyamizi Alipovaa Pacha

Kibuyu cha kura kilipomtema Nyamizi Kapela, Baraza la Jiji la Chamwitu lilinyamaza. Madiwani hawa, ambao hata dua ya kufungua kikao huisikiliza huku wakinong'onezana, safari hii walifunga midomo wakamtazama.

Naibu Meya, Mzee Kaombwe, alikiokota kipande cha mti kilichodondoka kutoka kibuyuni, akakisogeza karibu na miwani, akakisoma tena kana kwamba jina lingeweza kubadilika njiani. "Kata ya Uwanda. Mheshimiwa Nyamizi Kapela ndiye mpokezi wa kikao cha bajeti." Akakohoa. "Kama Mheshimiwa ana kinyongo chochote na Meya, kanuni inamruhusu kukaa pembeni. Hakuna atakayemcheka."

"Sina," alisema Nyamizi.

Alilisema upesi mno, na wawili watatu waliangaliana. Kutoka kitini kwake pale juu, Meya Mwaja Chidosa, mkufu wa dhahabu wa Jiji ukiwa kifuani, aligeuka akamtabasamia. Lilikuwa tabasamu zuri la midomo iliyofungwa, lile lililobandikwa kwenye kuta za ofisi zote. Nyamizi alilijua kuliko mtu yeyote kwa sababu ndiye aliyelifundisha. Zamani, wakiwa wajumbe wawili wa kamati ya watumia maji ambao hakuna aliyewajua, Mwaja alikuwa hacheki mbele za watu mpaka azibe mdomo kwa kiganja. "Usizibe, mwenzangu," Nyamizi alimwambia. "Funga midomo tu, halafu cheka kwa macho." Leo macho yale yalikuwa yanacheka na Jiji zima, na mwalimu wake alikuwa amekaa safu ya nyuma, karibu na mlango wa chooni.

Tuite jambo kwa jina lake. Ulikuwa ni wivu. Nyamizi mwenyewe aliuita uchungu wa wananchi, akauita uwajibikaji, siku nyingine akauita asidi ya tumbo akanywa dawa. Lakini ulikuwa ni wivu, na ulikaa naye mezani na kulala naye kitandani tangu ile siku ya kumchagua Meya.

Chamwitu, Meya huchaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao, hadharani, kila mtu akibonyeza taa mezani pake na taa zote zikiwaka kwa pamoja. Na ipo desturi isiyoandikwa popote: mgombea muungwana hajipigii. Humpa mpinzani wake kura yake, nayo huitwa kura ya heshima. Nyamizi alimpigia Mwaja. Taa zilipowaka, Mwaja naye alikuwa amempigia Mwaja. Nyamizi akashindwa kwa kura moja, akasimama akapiga makofi, akamvalisha mwenzake mkufu kwa mikono yake miwili, halafu akaenda nyumbani akajifungia bafuni akalia mpaka kwikwi ikamshika.

Kiti kile kilikuwa changu. Hakuna siku iliyopita bila yeye kulisema hilo, japo moyoni.

*

Chumba cha kuogea kiko nyuma ya ukumbi, na hakina maji. Wageni wa Baraza hukosea sana hapo; yupo diwani mpya aliyewahi kuja na taulo na sabuni, na mpaka leo wanamtania. Katika jiji ambalo maji hutoka kwa kadi na kadi hulia kabla ndoo haijajaa, kuita chumba kikavu bafu ni mzaha wa kikatili kidogo, lakini jina lilishika.

Fundi wa pacha, mwanamke mwenye maneno mengi aitwaye Itika, alimfunga Nyamizi mkanda kifuani, chini ya matiti, akaukaza. Mkanda ulikuwa mwembamba na wa baridi. Ng'ambo ya ukuta, wakati huohuo, Meya alikuwa akifungwa wa kwake.

"Haubani?"

"Haubani."

"Utabana baadaye. Wote husema hivyo."

Mikanda ile miwili ndiyo pacha. Anayeulizwa akiona aibu, mpokezi naye huona aibu. Huyu akiogopa, yule magoti humlegea. Baraza lilifika huko baada ya kuteseka. Kilikuwepo kipindi ambacho mameya walisomewa majibu sikioni na mashine, majibu matamu yasiyo na mahali pa kuyashika, na bajeti nzima zikapotea huku watu wakipiga makofi. Ndipo pacha walipoletwa. Mwanzoni waliiachia mashine yenyewe itoe hukumu, ikamwangusha meya mmoja mwadilifu kwa sababu alijibu swali la barabara huku vidonda vya tumbo vikimkata. Tangu hapo sheria ikasema: mwili wa mtu utasomwa na mtu, anayejua kutofautisha tumbo na dhamiri.

Ila mpokezi naye ana moyo wake. Ndiyo maana ya kuoga. Mpokezi hutaja kwa mdomo yale yote aliyonayo dhidi ya anayeulizwa. Akitaja, moyo hushtuka, na pacha hujifunza umbo la ule mshtuko. Kikaoni, umbo hilo likitokea tena, pacha hulifuta, kinachobaki kikawa cha mwenzake tu.

"Haya, Mheshimiwa," Itika alisema akivuta kigoda. "Oga."

"Hakuja msibani kwa baba yangu," Nyamizi alianza. "Alituma shada na dereva."

Mkanda ulitetemeka kidogo. "Imeingia. Endelea."

"Hunikatiza nikiwa nachangia hoja. Halafu yale marashi yake, mtu anakaa safu ya nyuma lakini yanamfuata."

Itika alicheka. "Hayo hata mimi. Imeingia. Lingine?"

Lingine lilikuwepo, limesimama kooni. Nyamizi aliitazama ile taa ndogo ya kijani kwenye mkanda wake. Alijua vizuri kanuni inasemaje. Hasira huogwa ikatoka, woga huogwa ukatoka, hata chuki ya kawaida hutoka. Wivu hautoki. Hauna umbo moja. Leo huja kama hasira, kesho kama huruma, keshokutwa kama mapenzi, na pacha hawezi kujifunza kitu kinachobadilisha nguo kila saa. Kwa hiyo mwenye wivu hapokei. Akiutaja, huvuliwa mkanda papo hapo bila lawama, kibuyu kikatikiswa upya. Akiuficha ukagundulika, hatagombea tena umeya maisha yake yote.

"Na wivu je?" Itika aliuliza kwa sauti ileile ya kuuliza kama mtu ana mzio wa dawa fulani. "Nalazimika kuuliza, usinichukie."

Nyamizi aliuona mkufu. Aliiona siku ambayo Baraza lingempigisha magoti yule mwanamke kwa neno moja lake yeye, wa safu ya nyuma. Nafasi hii ikipita haitarudi.

"Wivu wa nini?" alisema, akacheka kidogo. "Mwaja ni kama mdogo wangu."

*

Sakafu ya ukumbi wa Baraza ni ramani ya Jiji, na siku ya bajeti kila kata huota nguzo ya mwanga kadiri ya ilichopangiwa. Asubuhi nzima nguzo zile zilikuwa zikipanda na kushuka. Diwani wa Sokoni alilalamikia taa za barabarani mpaka akapewa robo ya alichotaka, akakaa chini ameridhika kama aliyepewa vyote. Kasma ya posho za madiwani ilisomwa kwa haraka ya ajabu, ikapita kwa "ndiyooo" moja ndefu kabla wananchi juu kwenye roshani hawajajua imesomwa.

Kisha kikaja kifungu cha kisima kirefu. Nguzo ya kata ya Mageti ikapanda mpaka karibu na dari, na ya Uwanda, kata ya Nyamizi, ikazama ikawa kama kiberiti kinachozimika.

Roshani ililipuka. Watu wa Uwanda walikuwa wamekuja na madumu yao matupu ya njano, wakayapiga kwa viganja. Mbele yao alisimama Bi Sechelela, muuza maandazi, mwanamke mpana ambaye ndiye aliyempigia Nyamizi kampeni nyumba kwa nyumba. "Wametuibia kisima chetu!" alipaza sauti. "Diwani wetu katwambia! Meya katuibia!"

Ni kweli Nyamizi aliwaambia hivyo. Asichowaambia ni kwamba siku wapima maji walipochimba kisima cha majaribio Uwanda, yeye alikwenda kimyakimya, akampa kijana wa mtambo soda, akaondoka na dumu moja. Nyumbani aliyaonja maji yale akayatema. Alijaribu kufulia leso. Sabuni ikagoma kutoa povu. Ilikuwa chumvi tupu. Wiki iliyofuata Meya alisema hilohilo hadharani, na watu wa Uwanda walipomuuliza diwani wao, aliwajibu kwamba hayo ni maneno ya Meya.

"Meya ashuke," aliamuru Mzee Kaombwe.

Mwaja alishuka. Alivua mkufu, akaulaza kwenye mto mwekundu mbele ya Naibu wake, akaketi kwenye kiti kigumu katikati ya ramani, mwanga wa nguzo ya Mageti ukimpiga begani. Nyamizi akaletwa akaketi mkabala naye. Itika aliinama nyuma ya Nyamizi, akabonyeza, na pacha wakaamka.

Cha kwanza kumfikia kilikuwa uchovu. Nyamizi alishangaa. Hakuwa amefikiria kwamba Meya huchoka: mgongo ulimwuma mahali ambapo wake haujawahi kumwuma, na nyuma ya macho palikuwa pazito kama mtu ambaye hajalala. Alimtazama Mwaja. Mwaja alikuwa anatabasamu.

Mwuliza maswali alikuwa Bwana Ndahani, diwani wa Chikongo, mtu mwembamba anayependa kusikia sauti yake. "Mheshimiwa Meya. Kwenye rasimu ya kwanza kisima kilikuwa Uwanda. Leo kiko Mageti. Nani kakihamisha?"

"Mimi."

"Kwa sababu gani?"

"Maji ya Uwanda ni ya chumvi, Mheshimiwa. Tumechimba tumeyaona. Kisima kirefu tunao uwezo wa kuchimba kimoja tu, na tukikosea mahali hatupati kingine."

"Uongo!" roshani ilipiga kelele. Madumu yakanguruma.

Nyamizi alisikiliza kifuani mwake. Palikuwa shwari. Mwaja aliyaamini aliyokuwa akiyasema, kama ambavyo yeyote aliyeonja maji yale angeyaamini.

"Na hiyo ndiyo sababu pekee?" Ndahani aliuliza, akinyanyua kidole. "Moyoni mwako, Mheshimiwa Meya, hamna nyingine?"

"Hamna."

Hapo ndipo kilipokuja. Kilianzia chini ya mbavu, kikapanda polepole kikiwa na joto na uchungu, kikakaa kooni. Nyamizi alikijua mara moja, jinsi mtu anavyoijua harufu ya nyumba yake mwenyewe. Jasho likamtoka. Ni wivu wangu, alijiambia. Sikuoga, na sasa unavuja. Ananiona. Wote wananiona. Akashika mikono ya kiti na kujaribu kuumeza, lakini haukumezeka.

Ndahani hakujua lolote, akaendelea kujipamba. "Nauliza hivi kwa sababu kisima hiki si wazo la ofisi yako, Mheshimiwa. Tusisahau. Wakati sisi wengine tunacheka, aliyesimama hapa akasema Chamwitu ina ziwa chini ya miguu yake ni Mheshimiwa Nyamizi Kapela. Wazo ni lake. Kila mtu Chamwitu anajua ni lake."

"Nyamizi! Nyamizi!" roshani ikaitikia. Hata madiwani kadhaa waligonga meza.

Na kile kitu kikapanda. Kilipanda kwa nguvu hivi kwamba Nyamizi alifumba macho. Kila "Nyamizi" iliyoangukia sakafuni ilikigeuza kama kisu.

Alifumbua macho taratibu.

Wivu wake aliujua tabia. Uliamka Mwaja akisifiwa. Picha ya Mwaja ikibandikwa. Mwaja akipita na msafara. Haujawahi hata siku moja kuamka yeye mwenyewe akipigiwa makofi. Ni saa hizo ndipo ulipolala. Basi huu uliokuwa ukimkaba, uliokuwa ukifura kila jina lake lilipoitwa, haukuwa wake.

Ulikuwa wa Mwaja.

Ananionea wivu, aliwaza. Mimi!

Ikamjia furaha ambayo hakuwahi kuipata hata siku ya ndoa yake. Mwaja Chidosa, mwenye mkufu, mwenye msafara, mwenye tabasamu ukutani, alikuwa akiungua kwa sababu ya diwani wa safu ya nyuma! Mambo yote yakajipanga upya kichwani. Kukatizwa akiwa anachangia. Safu ya nyuma. Shada la dereva, maana pale msibani Jiji zima lilikuja kumlilia baba wa Nyamizi, na Mwaja angelazimika kukaa akiutazama umati ule. Muda wote huo Nyamizi alikuwa tajiri na hakujua. Alitaka kucheka, akauma shavu kwa ndani.

*

"Mpokezi asimame," alisema Mzee Kaombwe.

Nyamizi alisimama. 

"Umepokea. Unajua unachoulizwa, na hatukuulizi zaidi ya hapo. Mweupe, au ana mzigo?"

Maneno ni hayo mawili tu. Mpokezi akisema mweupe, majibu yamepokelewa na kifungu kinapigiwa kura. Akisema mzigo, hutaja mzigo wenyewe. Bajeti inaanguka, na Meya havai tena mkufu. Uchaguzi hufanyika kesho yake. Hapakuwa na mtu ndani ya ukumbi ule asiyejua kesho yake nani angechaguliwa. Ndahani alikuwa ameshaanza kumtabasamia Meya mpya.

Ana mzigo, Nyamizi aliwaza. Ni kweli tupu. Kaulizwa kama ana sababu nyingine, kasema hana, na anayo. Sijamsingizia. Mpokezi kazi yake ni kusema alichopokea.

Mwaja alimtazama. Hakuwa anatabasamu tena. Kupitia mkanda woga ulikuwa ukimwagika sasa, mwingi, wa mtu aliyeshikwa na anajua kashikwa. Na Nyamizi, Mungu amsamehe, aliuonja woga ule kwa raha. Aliuacha uendelee kidogo. Alimwacha Naibu Meya akohoe, na Bi Sechelela aegemee ukingo wa roshani.

Lakini akili ina inda yake, humletea mtu jambo wakati hajaliita. Ilimletea leso ile ndani ya beseni na sabuni isiyotoa povu. Kesho angevaa mkufu. Keshokutwa watu wa Uwanda wangemfuata na madumu yao kudai kisima alichowaahidi. Angewachimbia. Asingeweza kuwakatalia, maana angewakatalia kwa maneno yaleyale ya Mwaja. Kisima pekee cha Jiji kingetoa maji ambayo yeye mwenyewe aliyatema, na Bi Sechelela angekandia maandazi yake kwa maji hayo.

Maji ya Uwanda yangekuwa ya chumvi hata kama Meya angekuwa malaika. Hilo ndilo lililomkera. Mwaja alikuwa na wivu na bado akakipeleka kisima panapofaa. Huenda alifurahi moyoni kuinyima Uwanda, huenda alilala usingizi mzuri siku ile, lakini kisima kilikwenda panapofaa. Yeye Nyamizi alikuwa na wivu uleule, akawadanganya watu waliomwamini. Na pacha, pamoja na ustadi wake wote, alikuwa hajui kuuliza mtu kafanya nini. Alijua tu kuuliza kahisi nini.

Angeweza kusema mweupe. Angekuwa amedanganya, kisima kingechimbwa Mageti, na yeye angerudi safu ya nyuma na siri yake, Mwaja akimtazama kila kikao kwa jicho la mdaiwa. Alilipima hilo. Lakini hata kama kisima kingechimbwa Mageti, Uwanda wangeendelea kuamini wameibiwa, na siku moja wangepiga kitu kingine badala ya madumu.

"Mpokezi," alisema Mzee Kaombwe. "Baraza linasubiri."

"Mzigo," alisema Nyamizi.

Pumzi ya ukumbi mzima ilitoka kwa mkupuo. Juu dumu lilianguka. Mwaja aliinamisha kichwa, na kitu kifuani mwa Nyamizi kikaporomoka, kikavunjika, kikawa baridi. Mzee Kaombwe aliuwekea mkono mkufu pale juu ya mto mwekundu, kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke.

"Taja mzigo."

"Wivu."

Minong'ono ilianza safu ya kwanza ikaenea. Ndahani alikuwa ameshasimama nusu. "Wivu wa Meya," Mzee Kaombwe alisema taratibu, akitaka kunyoosha kumbukumbu za kikao, "dhidi ya nani?"

Nyamizi aliutazama mkufu. Aliutazama vizuri, kiungo kwa kiungo, kwa sababu alijua hatauona tena kwa karibu.

"Sikusema wa Meya," alisema. "Ni wangu. Niliulizwa bafuni nikauficha. Sikuoga, Mzee."

Nyuma yake Itika alisema "Yesu wangu!" kwa sauti.

"Unajua unachokisema, Mheshimiwa?" Mzee Kaombwe alivua miwani. "Unajua kanuni inasemaje?"

"Naijua. Nisiwe Meya kamwe. Mapokezi yangu yafutwe, na majibu yake yasimame kama alivyoyatoa."  Akageuka akainua uso kuelekea roshani. "Na kuna jingine, Bi Sechelela. Maji yetu ni ya chumvi. Nilikwenda nikayaonja siku walipochimba. Nilijua toka mwanzo, nikawaambia ni maneno ya Meya kwa sababu yalisemwa na Meya. Aliyewadanganya ni mimi."

Bi Sechelela aliuacha ukingo wa roshani. Alimtazama Nyamizi, akamtazama kwa muda ambao ulimuumiza Nyamizi kuliko matusi, halafu akaokota dumu lake, akajitandia khanga vizuri, akatoka. Watu wa Uwanda wakamfuata mmoja mmoja, madumu yakigongana ngazini. Miongoni mwao kulikuwa na waliomzika baba yake.

Nyamizi alibaki amesimama. Kwa mara ya kwanza siku ile hakusikia chochote kutoka kwa Mwaja; ama palikuwa patupu, ama yeye mwenyewe alikuwa amejaa mno. Alimwona tu. Mwaja alikuwa amenyanyua kichwa, macho makavu, mapana. Alijua. Yeye pekee katika ukumbi ule alijua kilichopokelewa na kilichosemwa.

Kifungu kikapigiwa kura. Taa zikawaka kwa pamoja, na nguzo ya Mageti ikagusa dari ikatulia. Mzee Kaombwe aliunyanyua mkufu, akashuka nao, akamvalisha Meya. Watu wakapiga makofi ya adabu, yale ya mvua ya rasharasha.

Ndipo diwani wa Sokoni, yule wa taa za barabarani, alipoinuka. "Mheshimiwa Naibu Meya," alisema, "mimi nina mihula minne humu ndani. Sijawahi kuona mtu akisimama akajivua nguo mwenyewe kwa ajili ya Jiji hili. Tumeshazoea kuvuana." Akaanza kugonga meza. "Nyamizi Kapela!"

Jirani yake akagonga. Safu ya pili ikagonga. Ndahani, ambaye hujua upepo unakoelekea, akagonga kuliko wote. Baraza zima likasimama, na kelele ikawa kubwa kuliko ya siku ile ya uchaguzi, kuliko yoyote ambayo Nyamizi aliwahi kupigiwa. Meya peke yake ndiye aliyekuwa ameketi, kwa kuwa kanuni haimruhusu kusimama kabla mkanda wake haujafunguliwa. Midomo aliifunga, akatabasamu kwa macho.

Na chini ya mbavu za Nyamizi kikaanza tena kile kitu cha Mwaja. Kidogo kwanza, halafu joto, halafu kikapanda chote, kikali kuliko mwanzo, kikageuka na kugeuka kila meza ilipogongwa. Wala hapakuwa na shukrani ndani yake. Nyamizi aliitafuta, akaitafuta tena, akaikosa.

Itika alikuja nyuma yake akapapasa kifungo cha mkanda. "Pole, Mheshimiwa," alinong'ona. "Ngoja nikutoe hiki kitu upumzike."

Nyamizi aliushika mkono wake.

"Niachie kidogo," alisema. "Bado wanapiga makofi."